Mwaka wa Magamba Meupe

Mzee Masalu alipofariki sikuambiwa. Habari nilizipata kwa mteja aliyeniletea kochi lake nilibadilishe kitambaa, akazitaja katikati ya mazungumzo ya mambo mengine kabisa, na kwa wakati huo mazishi yalikuwa yamekwishapita. Kwa hiyo nikaenda kwenye arobaini, nyumbani kwake Magu. Wa kwanza kunipokea pale getini alikuwa Minza. Alinikumbatia kwa nguvu hadi miguu ikataka kuacha ardhi, akaniambia, “Jamani, Zulfa! Umenenepa, shoga yangu, maisha ya mjini yamekukubali!” Alisema hivyo kama vile tuliachana sokoni juzi, nami nikamkumbatia, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado inamkumbuka. Hatukuwa tumezungumza tangu mwaka ule ambao nataka kuueleza hapa. Nitasema mapema ili msomaji asisumbuke kubahatisha: mwaka ule nilitengeneza vazi, nikaahidiwa kwamba nitalicheza mbele ya watu, likavaliwa na mwingine, na aliyenizunguka ni huyu aliyenikumbatia. Nimepita miaka arobaini, nina karakana yangu na wajukuu wawili wa dada yangu wanaoniita bibi, na bado nikilifikiria jambo hili mdomo wangu unakauka.

Wakati huo mimi na Minza tulikuwa tukifanya kazi karakana moja ya viti vya magari pale Mirongo. Mimi nilikata na kushona, yeye alijaza sponji na kupokea wateja, maana alikuwa na maneno matamu na mimi sikuwa nayo. Tulikula sahani moja mchana. Nyumba ya shangazi yake ilikuwa mtaa wa nyuma, na uani mwake kulikuwa na chumba alichokuwa amepanga kijana wa kizungu, mpole, aliyekuja kujitolea kufundisha. Kijana yule aliitwa kwao ghafla mama yake alipougua. Baada ya kuondoka, mzigo wake ukafika: katoni ndefu, nyepesi kuliko ilivyoonekana. Shangazi akampigia simu. Kijana akacheka, akasema hana namna ya kuusafirisha tena, tuuchukue tu, tuufanyie tunachotaka. Tulipofungua tulikuta maganda meupe ya plastiki, yamepangwa moja ndani ya lingine kama mabakuli ya shughuli, na kijitabu chenye picha. Picha ya mwisho ilikuwa ya mtu aliyefunikwa weupe mtupu toka utosini hadi miguuni, kama wale askari wa kwenye sinema za angani wanaoshuka kutoka nyota nyingine. Shangazi alikiangalia kile kijitabu akasema, “Mtu mzima na akili zake analipia hiki?” Akarudi jikoni kwake.

Minza hakucheka. Yeye alikuwa mcheza ngoma katika kundi la Mzee Masalu, aliyekuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wao. Kwa asiyejua, ngoma za mashindano huku kwetu, baada ya mavuno, huchezwa na makundi mawili kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wanatembea. Wakivutiwa na kundi hili wanalizunguka, wakisikia vifijo upande wa pili wanakimbilia huko, na kundi litakaloachwa likicheza peke yake na vumbi lake ndilo limeshindwa. Ndiyo maana kila mwaka manju hutafuta dawa ya mganga ya kuvuta watu, na pia kitu ambacho macho ya watu hayajawahi kuona. Kundi la Mzee Masalu liliwahi kuleta fisi wa mbao anayefumbua mdomo na kucheka, lakini wapinzani wao miaka miwili mfululizo walikuwa wamewanyang'anya watazamaji kwa chatu wa kweli. Minza aliinua lile ganda la kifua akaliweka mbele ya mwili wangu. “Zulfa,” akasema, “hili likiingia uwanjani, nani atabaki kuangalia chatu?”

Mimi si Msukuma. Kwetu ni watu wa mjini, mchanganyiko, na ngoma nilizozijua ni za harusi. Ila Minza alikuwa amenivuta kwenye mazoezi yao Magu kila Jumapili, kwanza kama mtazamaji, halafu akanifunga njuga miguuni siku moja kwa utani, na utani ule ukanikolea. Nilipenda namna mguu unavyoipiga ardhi na mabega yanavyojibu kwa kuchelewa kidogo. Sikupenda kitu kingine zaidi ya hapo katika maisha yangu ya usichana, nalisema wazi. Lakini nilikuwa mgeni, niliwekwa mstari wa nyuma karibu na wapika uji, na nilijua hakuna siku nitakayosogezwa mbele. Basi tulipopeleka lile ganda la kifua na kile kijitabu kwa Mzee Masalu, aliligonga kwa kucha, akalinusa, akalivaa kichwani kama kofia watu wakacheka. Halafu akawa na uso wa kazi. “Sikirizeni,” akasema, maana ulimi wake ulipenda r kuliko l. “Kwetu kitu anakicheza ariyekiunda. Fisi arichezwa na ariyemchonga. Rakini hiri nani wa kuriunda?” Minza akanisukuma mbele, mkono wake mgongoni mwangu. “Zulfa, mzee. Mkono wake ni wa fundi.” Mzee akanitazama kwa muda, nikasema shikamoo kwa mara ya pili kwa woga, na yeye akaitikia marahaba akasema, “Basi akiriunda, ataricheza yeye mwenyewe.” Wanawake wakapiga vigelegele. Kilichobaki cha siku ile sikikumbuki, nilikuwa nimelewa furaha.

Tukakaa kwenye kile chumba cha uani toka masika hadi mavuno. Kilikuwa na dirisha moja la nondo, kitanda cha mpangaji tulichokiegemeza ukutani, na harufu ya dagaa za shangazi zilizoanikwa nje. Niliingia humo karibu kila jioni nikitoka karakana nikidhani kazi ni kubandika tu. Nilijidanganya. Yale maganda yalikuwa yametoka kwenye kalibu, chombo cha kuyapa umbo kiwandani, yakiwa na kingo pana zisizo na umbo, na kila moja ilibidi likatwe kufuata mstari usioonekana vizuri. Ukikata kwa mkasi kwenye kona kali, plastiki inapasuka na ufa unakimbilia katikati. Nikajifunza kupitisha kisu taratibu mara nyingi juu ya mstari bila kukandamiza, halafu kukunja, na kipande kinaachia chenyewe kwa mlio mdogo. Kingo zilizobaki nilizipiga msasa hadi zikawa laini kama mdomo wa kikombe. Kila kiungo, mkono au mguu, ni nusu mbili zinazokutana, na ndani yake unaweka kipande cha kuunganishia kilichokatwa kwenye mabaki, unapaka gundi, unabana kwa vibanio vya nguo. Minza alikuwa anashika huku nikibana. Tulikuwa tunakaa tumekabiliana, magoti yanagusana, mguu wa askari uko katikati yetu, na hapo ndipo aliponieleza mambo yake yote, mapenzi na ndoto zake, hasa ile ndoto ya kuwa mwimbishaji, mwanamke wa kwanza kuanzisha wimbo katika kundi la Mzee Masalu. Nilikuwa namwombea akipate kile kitu.

Kijitabu kilimfundisha mtu asimame mlangoni mwa sherehe apigwe picha. Mimi nilitaka mtu achuchumae, arushe miguu, aipige ardhi. Kwa hiyo nilivunja maagizo. Nyuma ya goti nilikata zaidi kuliko picha ilivyosema, nikafidia kwa kitambaa cheusi cha viti kinachonyumbuka. Bamba la kitako nilililaza ndani ya sufuria ya maji ya moto ya shangazi, plastiki ikalegea, nikalikunja lifuate mwili unaoinama. Shangazi alilalamika kwamba ugali wake utanuka gari, halafu akatuletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, akasimama mlangoni akitutazama tukila na mikono yenye gundi. Siku moja nilikosea kitu ambacho nacheka hadi leo: niliunganisha ugoko wa kushoto kama wa kulia, na nilipojaribu kuvaa shavu la mguu lilitokea mbele. Minza alianguka chini kwa kicheko. Ilibidi nitie kisu katikati ya gundi iliyokwishakauka, nikatenganisha, nikaanza upya, na yeye akakaa nami hadi mwisho. Haya mazuri siwezi kuyafuta, na ndiyo yanayoniudhi zaidi. Mtu mbaya moja kwa moja ungemsahau.

Upande wa kuvaa, tulifanya hivi: tunalikaza ganda mwilini mwangu kwa tepu ya karatasi, natembea, nachuchumaa, nachora kwa penseli mahali linapouma au linapopwaya, halafu ndipo tunapokata. Mapaja na mikono, pale nusu mbili zinapopandana, nilitaka kukata zinipate sawasawa. Minza ndiye aliyenizuia. “Acha nafasi, Zulfa. Upana wa vidole viwili. Plastiki ukishakata hairudi.” Nikamwambia mwili wangu ninaujua. “Utanenepa. Michembe ya shangazi si ya mchezo.” Tukacheka, nikaacha vidole viwili kwenye paja, viwili kwenye ugoko, viwili kwenye mkono, na nikaweka vifungo vya kubonyeza safu mbili ili viweze kukaza na kulegeza. Niliona ni busara ya rafiki. Kifua nacho alishauri mikanda ya begani iwe mirefu. Nikairefusha.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona nikayapitia. Jumatano sikuwa naenda kwenye kile chumba, nilikuwa na kazi ya ziada karakana. Alhamisi moja nikakuta sponji ya ndani ya kofia ya lile vazi imebonyea na ina harufu ya jasho, si jasho langu, ni lile zito la mwanaume na mafuta ya nywele. Minza akasema aliyeijaribu ni binamu yake, aliyepita kuwasalimia. Alhamisi nyingine kifungo cha paja kilikuwa kimefungwa kwenye safu ya nje, mimi nilikuwa nafunga ya ndani. Nikakirudisha. Jioni moja nikiwa nimeinama na msasa, Mzee Masalu alikuja mjini, akakaa sebuleni na shangazi wakinywa chai, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Nikamsikia shangazi akiuliza kwa Kisukuma, na Kisukuma changu kilikuwa kinatosha kuelewa, “Na huyo mtoto ameshaambiwa?” Mzee akajibu, “Bado. Mwache amalize kwanza. Minza atamwambia mwenyewe.” Kisha shangazi akakoroga chai muda mrefu. Unajua nilifikiri nini? Kulikuwa na dada yake Minza, mdogo, anayesoma sekondari, na mwanaume mmoja wa Usagara alikuwa ameleta posa. Nikadhani ndiye mtoto, kwamba amalize shule ndipo aambiwe. Nikamwonea huruma Minza kwa mzigo ule wa siri, na kwa siku kadhaa nilimnunulia soda mchana bila kumwambia sababu. Nikikumbuka zile soda natamani kujipiga kibao.

Vazi lilikamilika wiki ya mavuno ya mpunga. Minza alifunga mlango wa chumba, akanisaidia kuvaa kwa mpangilio wake: kwanza nguo nyeusi ya kubana niliyoishona mwenyewe, halafu miguu, mapaja, kitako, tumbo, kifua na mgongo, mikono, mabega, mwisho kofia. Ukikosea mpangilio unajifungia mkono nje. Nilikuwa nimefunga safu ya ndani ya vifungo, na kila kitu kilinikaa. Ndani ya kofia dunia iligeuka kijani kwa sababu ya vioo vya macho, na pumzi yangu ilikuwa ikinirudia masikioni. Niliipiga sakafu kwa mguu, magamba yakagongana kwa mlio ambao hakuna njuga inayoweza kuutoa. Nikachuchumaa hadi chini, nikainuka, mabega yakajibu kwa kuchelewa. Nilicheza pale ndani, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, nikatokwa na machozi humo ndani bila mtu kuyaona. Nilipovua kofia nilimkuta Minza amekaa kwenye ukingo wa ndoo ameshika mashavu. Nikamuuliza vipi. “Umependeza sana,” akasema, na sauti haikuwa yake. Angeniambia siku ile ningelia, ningemtukana, na huenda tungebaki marafiki. Alikuwa na nafasi hiyo, akaitumia kuniambia nimependeza.

Siku ya mashindano tulifika Magu asubuhi na vazi likiwa limefungwa ndani ya mashuka ili wapinzani wasilione. Nyuma ya nyumba ya Mzee Masalu kulikuwa na uzio wa makuti, kundi zima limo humo, watu wanapakwa na kufungwa njuga. Nikaingia na nguo yangu nyeusi ndani ya mfuko. Nikamkuta Jilala, mpwa wa mzee, kijana mwenye mapaja kama magogo, amesimama katikati akiwa amevaa nguo nyeusi ya kubana ambayo sikuishona mimi. Hakuna aliyenitazama. Wale waliokuwa wakicheka na mimi kila Jumapili walikuwa na kazi nyingi ghafla, huyu anafunga kamba, huyu anatafuta kitu chini. Nikamtafuta Minza kwa macho. Alikuwa amevaa shanga za mwimbishaji, zile ambazo huvaliwa na anayeanzisha wimbo tu. Akaja akanishika kiwiko akanisogeza pembeni.

“Zulfa, usikasirike. Mzee ameamua. Dawa ya uwanjani imefanywa kwa jina la Jilala, haiwezi kubadilishwa.”

“Imefanywa lini?”

Akazinyoosha shanga zake shingoni. Nikamuuliza tena.

“Toka mwanzo,” akasema.

“Mzee alisema mbele ya watu. Aliyekiunda ndiye anayekicheza.”

Hapo akaniangalia machoni, na nina hakika alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lile. “Lakini wewe hukuliunda. Lilikuja kwenye katoni, limeshatengenezwa kiwandani. Wewe umeunganisha tu.”

Alisema hivyo Minza, aliyeniona nikilala na vidole vimeshikana kwa gundi. Minza aliyeshika upande wa pili wa kila kiungo. Kama angelisema Mzee Masalu ningesema ni mzee, hajui plastiki. Nilitaka kuondoka. Nilitaka kulipiga teke lile furushi la mashuka hadi lisikike huko kwa wapinzani. Lakini vijana wawili walikuwa wameshaanza kumvalisha Jilala, wameanza na kifua, na mmoja alikuwa anajaribu kuupenyeza mkono kwa kuusukuma, nikasikia plastiki ikilia ule mlio wa kabla ya kupasuka. Nikapiga kelele, “Acheni!” Nikaenda mwenyewe. Sikuweza kuvumilia kuona kazi yangu inavunjwa na watu wasioijua, basi, hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi. Nikamvua, nikaanza na miguu kwa mpangilio wake. Nilipofika kwenye paja nikazikutanisha nusu mbili, na vile vidole viwili vya ziada vikaisha sawasawa kwenye paja lake, kifungo cha safu ya nje kikabonyea bila kulazimishwa. Ugoko hivyo hivyo. Mkono hivyo hivyo. Mikanda ya begani ikamfikia. Niligeuka nikamtazama Minza, naye alikuwa ameangalia pembeni akijaribu sauti yake. Wakati namfunga Jilala kofia machozi yalikuwa yakinitiririka na yeye akaniangalia kwa uso wa kushangaa, nikamshushia vioo vya kijani machoni.

Tulishinda. Nasema tulishinda kwa kuwa sina neno jingine. Minza alianzisha wimbo kwa sauti iliyonyooka, ngoma zikajibu, na yule mtu mweupe akatoka kwenye uzio akiwa amechuchumaa, akainuka taratibu katikati ya vumbi jekundu. Halafu watu wakaja kama maji, wanaume, kina mama na watoto mgongoni, wauza miwa wakaacha miwa yao, hadi mwenye chatu akabaki ameshika chatu wake akiangalia upande wetu kama mtu yeyote. Goti halikukwama, kitako hakikupasuka, kila nilichokivunja kwenye maagizo kilifanya kazi. Nilikuwa nimesimama kwenye umati, nimesukumwa na viwiko, mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu akasema, “Huyu ametoka wapi?” na mwenzake akajibu, “Mzungu amewaletea.” Ile fahari niliyoisikia kifuani na ile hasira vilikuwa kitu kimoja, na sijaweza kuvitenganisha hadi leo. Niliondoka kabla wimbo haujaisha. Kesho yake nikaacha kazi ile karakana, nikahamia nyingine, na Minza hakunifuata. Nilimsubiri anifuate, sitaficha. Nilimsubiri mwaka mzima.

Sasa kuhusu arobaini. Baada ya sala na chakula mshereheshaji alichukua kipaza sauti, kijana mchangamfu, akaanza kusimulia maisha ya marehemu, na bila shaka akafika kwenye mashindano yale. Watu wakainuka kwenye viti kusikia vizuri. Akasema vazi lililetwa na mzungu, likaunganishwa na dada mmoja wa mjini. “Huyo dada aliambiwa avae, jamani, akaiona dawa akakimbia!” Turubai zima likacheka, kicheko kizuri tu, kisicho na ubaya, cha watu waliokwishaisikia hadithi hiyo mara nyingi. Minza alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Alicheka pia, kidogo, akichambua nyama kwenye mfupa.

Mwanaume mzito aliyekuwa nyuma yangu akainama akanigusa bega. Ilibidi aseme jina lake ndipo nimtambue: Jilala. “Dada Zulfa,” akanong'ona, “niwie radhi kwa hao vijana. Mimi huwa nawaambia msicheke mtu kwa kuogopa. Uliponiachia lile vazi ulinipa maisha. Kila mtu ananijua kwa siku ile. Nilikuona unalia wakati unanivalisha, Minza akaniambia ni hofu ya dawa. Nimekushukuru miaka yote hii bila kupata nafasi ya kukuona.”

Nikamtazama. Hakuwa anajua. Yeye alikuwa amevaa zawadi ambayo sikuitoa.

“Sikukataa, Jilala,” nikamwambia. “Sikuogopa kitu. Niliambiwa nitacheza mimi hadi asubuhi ile ile.”

Akamwangalia Minza, na Minza akaacha kutafuna. Nikaona jinsi lilivyomwingia, taratibu, na nikadhani sasa angalau mtu mmoja yuko upande wangu. Akainama tena, karibu zaidi. “Nimekuelewa,” akasema. “Pole sana, dada yangu. Ila watoto wangu wako hapa leo, na wakwe. Nakuomba usilitaje.” Minza akadakia, kwa ule utamu wake wa kupokea wateja, “Mzee amelala, Zulfa. Tumwache alale kwa amani.”

Kijana wa kipaza sauti alikuwa anauliza kama kuna mwenye neno la mwisho juu ya marehemu. Nikaweka sahani chini ya kiti, nikasimama. Nikasikia Minza akiniita kwa sauti ya chini, “Shoga, tafadhali,” na ni hilo neno shoga lililonisukuma hadi mbele. Nikasema jina langu na la baba yangu. Nikasema mimi ndiye dada wa mjini, vazi lile nililikata, nikalikunja na kulifunga kwa mikono yangu, nikaahidiwa na marehemu mbele ya kundi zima kwamba nitalicheza, sikukimbia, sikukataa, na Minza ndiye aliyekuwa akilipima kwa mwingine huku akinishikia gundi. Nikasema Mungu amrehemu mzee. Maneno yangu yalikuwa machache kuliko niliyoyabeba. Hakuna aliyepiga makofi wala kuguna. Mshereheshaji akapokea kipaza sauti, akasema, “Tunamshukuru dada yetu. Ratiba inaendelea, ndugu zetu wa Usagara wajiandae kutoa salamu zao.”

Niliporudi, kiti cha Minza kilikuwa kitupu na Jilala alikuwa amehamia kwa wakwe zake. Nikakaa, nikaokota sahani yangu chini ya kiti. Bibi mmoja nisiyemjua, aliyekuwa amekaa upande wa pili akilinda mkoba wake mapajani, akanisogelea akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za nguo ya harusi, “Na wewe lilikuwa linakutosha?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

“Lilinitosha, mama,” nikamwambia. “Lilinikaa vizuri sana.”